Tanzia Mlangoni

Huku Ruse, kando ya Mto Danubi,
mauti hubandikwa ukutani.
Karatasi moja: picha, jina, miaka,
na mpaka mweusi kama wanja.
Mlangoni pa jengo, kwenye nguzo ya taa,
kituoni, juu ya ratiba ya basi.
Siku arubaini zikitimia, karatasi nyingine.
Miezi sita, nyingine. Mwaka, nyingine.

Mimi nilibandika kila Jumatatu.

Bwana Asparuh wa duka la chapa
aliacha kuniuliza.
"Yaleyale, Bi Zdravka?"
"Yaleyale."
*Mume mpendwa, baba mwema, hatutakusahau*:
maneno ya kukodi, kama suti ya harusi,
yamewatosha wafu wote wa mtaa.

Mvua ikimbandua Metodi wangu
nilitoka usiku na ndoo ya gundi,
miguuni ndara, kichwani kitambaa chake cha kazi.
Ndivyo alivyonikuta binti yetu, Rositsa,
vidole vimenatana kama utando wa bata.
Hakunisihi. Alinishika mkono
kama mtu anayevusha mtoto barabara.

Kliniki iko orofa ya tatu.
Nilipanda ngazi.
Lifti ile, fundi wake alikuwa Metodi.

Nilitarajia vidonge. Nilitarajia pole,
na ile hadithi kwamba wakati ni tabibu.
Daktari Krasteva alikuwa na viti viwili,
bomba la joto linalokohoa,
na kimya alichokimiliki kama shamba.
Wiki tatu nilihesabu vigae.
Ya nne nikampa karatasi yangu.
Akaisoma polepole, akaigeuza.
"Na huku nyuma," akauliza, "pameandikwa nini?"

Nyuma palikuwa peupe.

Basi tukaanzia hapo.
Kwamba alikoroma.
Kwamba alikata kucha juu ya gazeti ambalo sijalisoma.
Kwamba baada ya mazishi, ndani ya kopo la kahawa,
nilikuta vidonge vyake vya presha,
vyote,
vya miezi saba,
alivyovitia mdomoni mbele yangu kila asubuhi
akanitabasamia, akaaga, akaenda.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Na mficha kilio je?
Yeye hufichuliwa na nini?

"Nina hasira naye," nikasema,
na sauti ikatoka nzito, ya mtu mwingine,
ya mwanamke ambaye ningemwogopa sokoni.
Daktari hakunipa pole.
Alisema, "Endelea."
Nikaendelea mpaka bomba likapoa.

Msinielewe vibaya, sikupona.
Kuna Jumatano nilikwenda kumtukana tu.
Moja nililala kitini, akaniacha nilale.
Moja sikwenda, nikamdanganya Rositsa,
nikakaa kwenye benchi mtoni nikila alizeti.
Bado napakua supu mabakuli mawili.
Ila zamani nililimwaga la pili nikiwa nimefumba macho;
siku hizi nalitazama, nasema,
"Metodi, hili lako,"
kisha nalila mimi. Nimenenepa.

Mwaka ulipotimia nilikwenda kwa Asparuh.
"Yaleyale?"
Nikampa maandishi yangu:
*Metodi Genchev, fundi wa lifti. Alikoroma.
Aliogopa madaktari kuliko urefu.
Sijamsamehe. Namkosa hata kucha zake.*
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Nakala ngapi?"
"Moja."

Nimeibandika ndani ya kabati, kando ya lile kopo.
Ile ya mlangoni nimeiachia mvua.
Pua imekwisha kung'oka; macho bado yapo.

Leo Jumatano nilisimama mbele ya lifti
mpaka jirani mmoja akaniuliza kama napanda.
Nikapanda.
Ikatetemeka kati ya orofa ya pili na ya tatu,
palepale alipokuwa akiahidi, miaka kumi na mmoja,
kwamba wiki ijayo ataparekebisha.